Picha Zilizowasemea Watoto

Wazee wetu walisema kwamba macho hayana pazia. Ni kweli, jicho likiwa wazi halichagui la kuona. Hata hivyo twajua kwamba mtu aweza kupita kila siku karibu na jambo ovu asilitambue, kwa sababu amelizoea. Mazoea ndiyo pazia la macho. Juma hili twataka kuwaeleza wasomaji wetu, wazazi hasa, habari za mtu mmoja aliyejitwika kazi ya kuliondoa pazia hilo katika nchi ya Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hakuwa na cheo, wala mali, wala jeshi. Alikuwa mwalimu wa shule, na silaha yake ilikuwa kamera. Jina lake aliitwa Lewis Hine.

Twaomba somo hili lisomwe polepole, na ikiwezekana lisomwe nyumbani pamoja na watoto wakubwa, maana lawahusu wao pia.

Hali ya watoto siku zile

Mwaka 1900 serikali ya Marekani ilihesabu watu wake. Ikaonekana kwamba watoto zaidi ya 1,750,000 wenye umri wa miaka 10 hadi 15 walikuwa wameandikwa kuwa ni wafanyakazi. Katika kila watoto sita wa umri huo, karibu mmoja alikuwa kazini. Na wale waliokuwa chini ya miaka 10 hawakuhesabiwa kabisa, ingawa wengi wao nao walifanya kazi.

Walio wengi walikuwa mashambani. Wengine walikuwa katika viwanda vya nyuzi za pamba, katika viwanda vya vioo, katika migodi ya makaa ya mawe, katika viwanda vya kutia samaki na matunda makoponi, na wengine barabarani wakiuza magazeti tangu kabla ya mapambazuko hata usiku. Hapana aliyelificha jambo hili. Kila mtu alilijua, na wengi waliliona kuwa ni la kawaida, tena kuwa ni jema, kwa kuwa kazi humzuia mtoto asiwe mvivu.

Kwa nini watoto walitakiwa viwandani? Sababu yake ni rahisi kueleza. Mashine za kusokota nyuzi hazikuhitaji nguvu za mtu mzima. Zilihitaji macho makali na vidole vidogo vyepesi. Wasichana walitembea kutwa kati ya safu za mashine, wakitazama uzi ulipokatika ili waufunge upesi. Wavulana waliondoa vijiti vilivyojaa uzi na kuweka vitupu mahali pake. Mtoto aliweza kazi hiyo, na ujira wake ulikuwa mdogo kuliko wa baba yake. Basi mshahara wa baba ukawa hautoshi, akampeleka mtoto kiwandani. Na kwa kuwa watoto walikuwa tayari kufanya kazi kwa ujira mdogo, mshahara wa baba haukupanda. Umaskini ulizaa kazi ya watoto, na kazi ya watoto ikauzaa tena umaskini. Wasomaji wetu wauangalie sana mviringo huu, maana ndio kiini cha somo letu.

Mwalimu aliyeacha darasa

Lewis Hine alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Baba yake alifariki Hine akiwa bado kijana, na ilimbidi kufanya kazi kwa saa nyingi ili kuisaidia nyumba yao. Kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa na mtu maana ya kijana kutumikishwa kwa malipo duni. Mwaka 1901 alihamia New York akawa mwalimu, na hapo shuleni ndipo alipojifunza kupiga picha. Kuanzia mwaka 1904 alikuwa akienda kisiwa cha Ellis, walipopokelewa wahamiaji kutoka Ulaya, akawapiga picha kwa heshima, katika siku ambazo wenyeji wengi waliwadharau.

Mwaka ule ule wa 1904 iliundwa mjini New York Kamati ya Taifa ya Kazi ya Watoto. Shabaha yake ilikuwa kupata sheria za kuwalinda watoto. Lakini wakuu wake walitambua shida moja. Walikuwa na hesabu na taarifa nyingi, na watu walizisoma, wakasikitika kidogo, wakageuza ukurasa. Idadi ya watu milioni haina uso. Basi mwaka 1908 Hine aliacha kazi ya ualimu, akaajiriwa na kamati hiyo aende akalete nyuso.

Alivyofanya kazi

Kwa muda wa miaka kumi hivi alizunguka nchi ile kubwa, toka migodi ya Pennsylvania hata viwanda vya Carolina, toka pwani ya Mississippi hata mashamba ya Texas. Kamera yake ilikuwa sanduku zito lenye miguu mitatu. Picha zilinaswa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, na penye giza alilipua unga wa magnesiamu ili kupata mwanga wa nukta moja. Hakuweza, kama tuwezavyo sisi leo kwa simu zetu, kupiga picha mia na kuchagua iliyo nzuri. Kila kioo kilikuwa na gharama na uzito wake.

Wenye viwanda wengi hawakumtaka. Basi mara nyingine alijifanya mwuza Biblia, mara mwuza kadi za posta, mara mkaguzi wa moto, mara mpiga picha za mashine. Milango ilipofungwa kabisa, alisimama nje alfajiri au usiku, akawangojea watoto wakiingia au wakitoka. Alikuwa amepima vifungo vya kizibao chake kutoka ardhini, hata mtoto aliposimama karibu naye aliweza kujua urefu wake bila kutoa kipimo. Mkono mmoja aliuficha mfukoni, akiandika kwa siri jina la mtoto, umri wake, kazi yake, saa zake na malipo yake. Alipoweza, alikwenda nyumbani kwa wazazi kutazama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa katika Biblia ya familia.

Msomaji mmoja aweza kutuuliza: je, ilikuwa halali mtu huyu kuingia kwa hila? Swali ni la haki, wala hatutaki kulikwepa. Sisi hatufundishi kwamba uongo hugeuka kuwa mwema kwa sababu shabaha ni njema. Lakini yafaa tuulize na swali la pili: kwa nini mlango ulifungwa? Asiye na la kuficha hamwogopi mwenye kamera. Na hili pia lijulikane: Hine aliyemdanganya bawabu mlangoni alijikaza asimdanganye mtu aliyeitazama picha. Mwaka 1909, katika mkutano wa watu wa huduma za jamii mjini Buffalo, aliwaonya wenzake kwamba picha yenyewe huenda isiseme uongo, bali waongo waweza kupiga picha. Ndiyo maana alipima, aliandika, akahakikisha. Alijua kwamba kosa moja likigunduliwa, wapinzani wangeitupilia mbali kazi yote. Njia ya mwongo ni fupi.

Yaliyoonekana katika picha

Tutaje picha chache tu. Mwezi wa Desemba 1908, katika kiwanda cha Whitnel, North Carolina, alimpiga picha msichana mwenye urefu wa inchi 51, yaani kama sentimeta 130. Alikuwa kiwandani kwa mwaka mmoja, na mara nyingine alifanya kazi usiku. Malipo yake yalikuwa senti 48 kwa siku. Alipoulizwa umri wake alisita, akasema hakumbuki. Kisha akanong'ona kwamba hajafikia umri wa kufanya kazi, ila anafanya vivyo hivyo. Tuyafikirie maneno hayo. Mtoto yule alikuwa ameisha kujifunza mambo mawili: kusokota nyuzi na kuficha ukweli. Nani aliyemfundisha la pili? Ni sisi watu wazima.

Mwezi wa Januari 1909, huko Macon, Georgia, aliwapiga picha wavulana wadogo mno hata iliwabidi wapande juu ya mashine yenyewe ili wazifikie nyuzi zilizokatika. Mwezi wa Februari 1911, huko Biloxi katika pwani ya Mississippi, alimwona mtoto wa miaka mitano akimenya kamba, asiyejua hata neno moja la Kiingereza. Katika viwanda vya pwani ile walikuwapo Wapoland walioletwa na wenye viwanda kutoka Baltimore, wazazi na watoto pamoja, kwa majira ya baridi.

Mwezi wa Januari mwaka ule ule wa 1911 alikuwa South Pittston, Pennsylvania. Huko wavulana walikaa safu safu juu ya mbao, wameinama, na makaa ya mawe yakipita chini ya miguu yao kwa kasi. Kazi yao ilikuwa kuokota kwa mikono mawe yaliyochanganyika na makaa. Hine aliandika kwamba vumbi lilikuwa zito kiasi cha kuzuia mtu asione mbele, na kwamba liliingia hata ndani kabisa ya mapafu ya wavulana. Aliandika tena kwamba mara nyingine nyapara alisimama nyuma yao akiwachoma kwa fimbo au kuwapiga teke ili watii. Wengi katika wachimbaji wa sehemu zile walikuwa Wakatoliki waliotoka Ulaya. Walikuwa ndugu zetu wa imani moja, na watoto wale walibatizwa kama wetu.

Jambo moja lawashangaza watu wanaozitazama picha hizi hata leo. Hine hakuwaonyesha watoto kama vitu vya kuhurumiwa tu. Mara nyingi aliiweka kamera usawa wa macho yao, nao walimtazama moja kwa moja, nyuso zao zina masizi lakini zina utu. Mtazamaji hawezi kusema, "Hawa ni maskini fulani." Hulazimika kusema, "Huyu ni mtoto."

Safari ndefu ya sheria

Picha zilichapishwa katika magazeti na vijitabu, zikabandikwa katika maonyesho, zikaonyeshwa ukutani kwa taa mbele ya mikutano. Mwaka 1912 serikali iliunda Idara ya Watoto. Mwaka 1916 Kongresi ilipitisha sheria ya Keating-Owen, iliyokataza kusafirisha toka jimbo hata jimbo bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto wa chini ya miaka 14, na za migodi iliyoajiri walio chini ya miaka 16. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 1917. Wenye huruma wakafurahi, wakadhani vita imekwisha.

La hasha. Baba mmoja wa North Carolina, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, aliishtaki sheria hiyo kwa niaba ya wanawe wawili, akidai kwamba inamnyima haki ya mapato yao. Nyuma yake walisimama wenye viwanda waliolipia kesi. Tarehe 3 Juni 1918 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba sheria ile haipatani na Katiba. Ilikuwa imedumu miezi tisa tu.

Baadaye mwandishi wa gazeti alimtafuta mmoja wa wana wale wawili walioshinda kesi. Alimkuta ni mtu mzima sasa, uzito wake ratli 105, yaani haufiki kilo 48, na elimu hana. Kijana alisema adhani miaka ya kiwandani ndiyo iliyomdumaza, na kwamba ingekuwa heri kwa watoto wote wa jimbo lake kama sheria ile ingaliachwa. Ndiyo faida aliyoipata mtoto kwa ushindi wa baba yake. Wazee wetu walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapa twaona kwamba aliyeachwa kulia si mzazi, bali ni mwana.

Sheria ya pili, ya mwaka 1919, nayo ilibatilishwa na Mahakama mwaka 1922. Mwaka 1924 Kongresi ilipendekeza badiliko la Katiba lenyewe, lakini majimbo yaliyolikubali hayakufikia idadi iliyotakiwa. Ni mwaka 1938 tu ndipo Rais Roosevelt alipotia sahihi sheria ya haki za kazi iliyodumu, na mwaka 1941 Mahakama ya Juu iliithibitisha. Tangu Hine aache ualimu ilikuwa imepita miaka 30. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na miaka kumi alikuwa ameisha kuwa mzazi wa miaka arobaini.

Tusiseme kwamba picha peke yake ndiyo iliyoleta ushindi. Mashine mpya ziliondoa baadhi ya kazi za watoto. Kufikia mwaka 1918 kila jimbo lilikuwa limewalazimisha watoto kusoma. Katika miaka ya 1930 wakubwa wenyewe walikosa kazi, wakazitaka zile za watoto. Lakini picha zilifanya jambo ambalo mashine haiwezi: ziliufanya ukimya kuwa aibu. Tena haifai kusahau kwamba sheria ya mwaka 1938 iliwaacha nje kwa sehemu kubwa watoto wa mashambani, waliokuwa wengi kuliko wote, na miongoni mwao watoto wengi weusi wa Kusini.

Wakatoliki walisimama wapi?

Hapo twapaswa kusema kweli hata kama inachoma. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikuwa ameisha kufundisha kwamba watoto wasiingizwe viwandani kabla mwili na akili zao havijakomaa. Mafundisho yalikuwa wazi. Hata hivyo mwaka 1924, shauri la badiliko la Katiba lilipofika, Wakatoliki wa Marekani waligawanyika. Padre John A. Ryan, mwalimu mashuhuri wa mambo ya jamii, aliliunga mkono. Kardinali O'Connell wa Boston alilipinga, akihofu kwamba serikali ingejitwalia mamlaka ya wazazi juu ya watoto wao. Mwezi wa Novemba wapiga kura wa Massachusetts wakalikataa kwa wingi mkubwa.

Hofu ile haikuwa ya kipuuzi. Mamlaka ya wazazi ni kitu kitakatifu, na serikali nyingi zimeyaingilia kwa mabaya. Lakini sisi twaona kwamba mzazi hakupewa mtoto ili amkodishe. Amepewa ili amlee. Mamlaka yanayotetewa hata mtoto akapoteza afya na elimu yake yameacha kuwa ulezi. Twasema hivi bila kuwadharau wazazi wale, maana wengi walisukumwa na njaa. Ndiyo sababu sheria peke yake haitoshi. Yahitajiwa na mshahara wa baba na mama uwe wa haki, ili mtoto asiwe ndiye mwenye kuijaza sufuria.

Mwisho wa Hine, na sisi leo

Lewis Hine alipiga picha nyingi nyingine, zikiwamo za mafundi waliojenga jumba la Empire State mjini New York katika miaka ya 1930 na 1931. Lakini uzeeni kazi zilimwishia. Alipoteza nyumba yake, akafariki mwezi wa Novemba 1940 akiwa maskini. Picha za kamati ile zilikabidhiwa mwaka 1954 kwa Maktaba ya Kongresi mjini Washington, ambako zimo zaidi ya 5,100. Na kwa kuwa aliandika majina, watafiti wa siku hizi wameweza kuwatafuta wajukuu wa watoto wale na kuwaonyesha uso wa bibi au babu yao. Aliyemjali mtoto kiasi cha kuuliza jina lake alimwachia urithi bila kujua.

Wala habari hii si ya kale tu. Shirika la Kazi Duniani na UNICEF walikadiria kwamba mwaka 2024 watoto milioni 138 hivi walikuwa katika kazi zisizowafaa, na milioni 54 miongoni mwao katika kazi za hatari. Zaidi ya nusu ya wote wako Afrika, kusini mwa Sahara, na wengi wako mashambani.

Hatusemi kwamba mtoto asichote maji, asifagie ua, asimsaidie mama yake palizi. Kazi ya nyumbani inayolingana na nguvu zake, isiyomwondoa shuleni, ni sehemu ya malezi mema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini kila mzazi ajiulize maswali matatu. Je, kazi hii yamkuza mtoto, au yamla? Je, yamwachia nafasi ya shule, ya mchezo, ya usingizi na ya sala? Na yule binti wa watu aliyeletwa nyumbani mwetu kutoka kijijini ili atusaidie kazi, twajua umri wake na siku aliyozaliwa, kama tujuavyo za watoto wetu?

Swali la mwisho lamhusu kila mwenye simu yenye kamera mkononi. Hine alipima, aliandika na kuhakikisha kabla ya kuonyesha. Alipiga picha ili mtoto apate kutetewa. Tunapompiga picha mtoto maskini, kisha tukaisambaza ili watu wacheke au wastaajabu, na mtoto tukamwacha pale pale alipokuwa, tumemfanyia nini?

Watoto wale wa Whitnel na wa Pittston wamekwisha fariki. Macho yao bado yanatazama kutoka katika karatasi. Tukiisha kuyaona, hatuwezi kusema tena kwamba hatukujua. Basi tuanzie jirani, tena leo: tumtafute mtoto mmoja ambaye shule imefunguliwa na yeye hayumo, tumwulize jina lake, na tuulize kwa nini.